Mti wa Langoni

Ukiwasikiliza watu, kitunguu saumu ni dawa ya kila kitu: presha, mafua, minyoo, mpaka wachawi. Mimi nililala na saumu nyumba moja tangu mwisho wa baridi mpaka mvua za kwanza, na sijui zilinitibu nini. Ninachojua ni kwamba hadi leo nikimenya punje moja jikoni, naliona rundo lote.

Rundo lilikuwa sebuleni. Lilianzia mlangoni mwa chumba cha kulala, likapita chini ya meza, likazunguka makochi, likapanda ukutani mpaka karibu na dirisha. Runinga ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na saumu. Njia ya kwenda mlango wa nje ilibaki upana wa mguu mmoja, na ukiteleza unakanyaga jasho la mwaka mzima. Zote zilikuwa na udongo, mizizi na majani yake, vilevile kama zilivyong'olewa shambani.

Hazikufika pale kwa uzembe. Tulikuwa tumezika mtoto. Alikuwa wetu wa kwanza, nilijifungulia hospitali ya mjini, naye hakulia. Nilimwona kwa muda mfupi, uso na kichwa, kisha wauguzi wakamfunga vizuri ndani ya kitenge changu na mume wangu akampakata njia nzima mpaka nyumbani. Mama mkwe alipokea kitenge kilichofungwa, na kilivyofungwa ndivyo kilivyoteremshwa kaburini, nyuma ya nyumba karibu na mparachichi. Hakuna aliyehubiri. Hakuna aliyeniuliza neno lolote kuhusu mtoto, wala siku ile wala siku zilizofuata, kana kwamba nilikwenda hospitali kutibiwa tumbo nikarudi.

Saumu zilikuwa zimekomaa shambani, na saumu haijui msiba. Mume wangu alibaki kuzing'oa pamoja na mama yake. Manyunyu yalipoanza wakazibeba haraka na kuzimwaga ndani, maana ghalani palikuwa panavuja. Halafu akarudi Babati, ambako anajenga nyumba za watu wengine, kwa sababu fundi asipoonekana kazini anapewa mwingine nafasi yake. Sikumlaumu. Yaani nilimlaumu, lakini si kwa sauti.

Sasa nieleze jambo ambalo mengine yote yanasimama juu yake. Mimi ni mtoto wa Mogitu, chini ya mlima Hanang. Kwetu mambo ya zamani nilikuwa nayasikia kwa bibi tu, jioni akiwa na hamu ya kutuogopesha. Huku juu Mbulu, nilikoolewa, bado yana nguvu zake, hata kwenye nyumba zenye msalaba juu ya mlango. Nyumba iliyozaa mtoto asiyelia hukaa peke yake. Wenyewe hawaendi kwa majirani, na majirani hawaingii kwao. Hakuna kuazimana kamba, wala chumvi, wala moto. Si kwamba watu wanakuchukia. Wanaogopa tu jambo lile lisiwafuate hadi kwa mabinti zao wenye mimba na ng'ombe wao wenye ndama tumboni.

Katekista wetu anasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Anasema vizuri sana, kanisani. Lakini alipokuja kunipa pole alisimama barabarani, hakuzima hata pikipiki, akaniombea kwa sauti ya kushindana na injini.

Kesho yake baada ya mazishi nilikuwa dirishani. Nilimwona mama mkwe akiburuta mti mrefu wa mkaratusi, ule tuliokuwa tumeukata kwa ajili ya zizi. Ni mwanamke mfupi, maneno yake machache, na masikio yake yamekunjika kwa juu, yanachungulia mbele hata akijifunga kitambaa. Aliuburuta mpaka langoni akaulaza pale, kutoka nguzo hadi nguzo. Kisha akajipangusa mikono, akaingia kwenye nyumba yake ndogo upande wa pili wa ua. Hakuniambia kitu. Basi nikajua nimefungiwa.

Na hakuna aliyeniambia mwisho wake. Jela angalau wanakutajia miaka.

Kila asubuhi mama mkwe alileta uji wa ulezi, akauweka kwenye dirisha la chumba changu kutokea nje, akasema, "Kunywa," akaenda zake. Maji alichota yeye. Ng'ombe alikamua yeye. Mimi nilikunywa uji nikiwa kitandani, nikarudisha kikombe dirishani kama mgonjwa wa wodini. Nilidhani hataki kuingia ndani kwa sababu ananiona nina uchafu. Nilikuwa namchukia kwa utulivu, kwa mpangilio, kila siku nikiongeza neno moja kwenye maneno ambayo nilijua nitamwambia siku moja.

Maziwa yalikuja. Kwa hilo hakuna aliyenitayarisha. Mtoto hayupo na maziwa yamekuja, mengi, yanauma, yanalowesha gauni. Nilijifunga kanga kifuani kwa nguvu mpaka nikashindwa kuvuta pumzi vizuri, nikalala nimeelekea ukuta. Nyuma yangu, mlangoni, rundo lilikuwa linanuka. Saumu mbichi ikikaa imerundikana kwenye unyevu haikai kimya. Inatoa joto, inatoa harufu tamu ya kuoza kwa chini, na asubuhi unakuta nyingine zimeanza kuchipua zikidhani ziko shambani.

Kazi yenyewe siyo ngumu. Unashika moja, unakata mizizi, unavua ganda la nje lenye udongo, unaweka upande. Zikitosha mkononi unafunga kitita kwa majani yake na kamba, unaning'iniza mahali penye upepo. Mtoto wa darasa la pili anaweza. Ila huku Mbulu haifanywi na mtu mmoja. Wanawake wa mtaa mzima wanakwenda nyumba hadi nyumba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kila mmoja na kisu chake, mwenye nyumba anapika makande na chai. Rundo la kukutisha linakwisha huku mnamsema mtu ambaye hayupo. Mimi sikuwahi kufanya saumu peke yangu, na sikujua mtu anaanzaje.

Mwaka ule niliwasikia wako ng'ambo ya bonde. Kwanza kwa jirani wa karibu na kisima, halafu nyumba ya juu yake, halafu nyumba inayofuata. Walikuwa wanaimba nyimbo za kwaya, na katikati ya wimbo mtu anacheka. Nilijua zamu inakwenda vipi. Ilifika nyumba iliyo kabla yetu, kisha nikaisikia iko nyumba iliyo baada yetu. Ilituruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Siku ile nililia kwa sauti. Si kwa ajili ya saumu.

Simu ilikuwa inashika mtandao pembe moja tu ya chumba, ukisimama kitandani ukiegemea ukuta. Mume wangu akapiga. Nikamwambia zinaoza. Nikamwambia ni nyingi, sitaweza, na mbegu ya msimu ujao iko humo humo, kwa hiyo zikioza hatuna cha kuvuna wala cha kupanda. Akasema, "Fanya kidogo kidogo, mke wangu."

"Kidogo kidogo?"

"Ndiyo. Leo kidogo, kesho kidogo."

"Wewe uko Babati unakula chipsi, mimi niko ndani ya saumu, unaniambia kidogo kidogo?"

"Sasa nikuambieje?"

Nilikata simu. Kumbe alikuwa na haki, lakini mtu akikupa neno sahihi kutoka mbali, linauma kuliko la uongo. Isitoshe sikuwa na tatizo la kufanya. Tatizo lilikuwa kufikiri. Nilikuwa nikifikiria mzizi wa kwanza tu, akili inakimbia mpaka wa mwisho, kisha inakwenda langoni, inaukuta mti umelala pale, inarudi imechoka, nami nalala tena mchana kweupe. Nilianza kuogopa kwamba sitaamka. Sisemi kufa. Nasema nilianza kuona kwamba mtu anaweza kulala hivi, akapelekewa uji dirishani, akazeeka.

Kilichoniinua kilikuwa kitu cha kipuuzi. Asubuhi moja kikombe kilikuwa cha moto sana, nikashindwa kukishika nikiwa nimelala. Nusu ya uji ikamwagika kwenye shuka, ule mzito, unanata. Nikasema hapana, leo nitakunywa nimekaa, kama mtu. Nikachukua kigoda cha chini ya kitanda nikatoka nacho sebuleni. Hapakuwa na mahali pa kukiweka.

Nilisimama pale mlangoni, kikombe mkono mmoja, kigoda mkono mwingine, nikapandwa na hasira. Nilikuwa nimekaa na huzuni muda wote ule, na huzuni inakulaza. Hasira ilikuja nikiwa nimesimama. Nikazisukuma saumu kwa mguu, nikapata nafasi ya kigoda, si zaidi. Nikakaa. Nikanywa uji wangu katikati ya rundo, magoti yangu yakigusa saumu pande zote.

Uji ukaisha na mikono ikabaki haina kazi. Nikashika moja iliyokuwa karibu. Kisu cha mkate kilikuwa mezani, butu, hakifai kitu. Nikakata mizizi. Nikavua ganda. Ilitoka nyeupe, imetakata, nzuri, haina habari kwamba ilitoka kwenye kinyaa kile. Nikaiweka mapajani. Nikajiambia nitafanya zile zinazogusa magoti yangu tu, halafu nirudi kulala.

Nikazifanya. Nikarudi kulala. Sitaki mtu anisifu bure, nililala mpaka jioni.

Kesho yake nilitoka na uji tena nikakaa pale pale. Zilizogusa magoti zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nikasogeza kigoda, na nyingine zikagusa magoti. Ndiyo ikawa sheria yangu: siangalii ukutani, siangalii chini ya meza, siangalii juu ya runinga. Naangalia zinazogusa magoti. Siku nyingine nilifanya nusu nikalia, nikaacha. Siku nyingine nilitukana kwa sauti kubwa, peke yangu, nikawatukana watu wa ng'ambo ya bonde mmoja mmoja huku nakata mizizi. Ilikuwa nzuri sana. Za chini zilikuwa zimeshika kuvu la kijani na nyingine zilipasuka mkononi zikatoa maji, nikazitupa kwenye ndoo bila kuhesabu hasara.

Kamba hakukuwa na kamba. Siku zote huwa tunaazima, na sasa hakuna kuazima. Nikachukua kiroba cha mbolea, nikakifumua uzi mmoja mmoja, nyuzi zile nyeupe za plastiki zinazokata vidole. Nikafunga vitita. Vya kwanza nikavining'iniza kwenye misumari ya picha, picha ya harusi nikaiweka chini ikiwa imeelekea ukuta. Vingine nikavifunga kwenye nondo za dirisha, kwenye fimbo ya pazia, kwenye boriti za jikoni moshi unapopita. Nyumba ikaanza kuonekana kama duka la mtu aliyechanganyikiwa. Lakini sakafu ya sebule nikaiona, kipande, saruji nyekundu tuliyoipaka kabla ya harusi.

Halafu nafasi ya kuning'iniza ikaisha. Rundo lililobaki lilikuwa bado linafika kwenye mapaja, na vitita vilivyofungwa vimelala chini tena, vinapata unyevu ule ule. Nikaona nitarudi mwanzo. Nikaona kitanda.

Nilitoka nje kutafuta mti. Kibaraza chetu kina nguzo mbili, na mti ukilazwa juu, nguzo hadi nguzo, unabeba vitita vingi na upepo unapita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga ua mchana tangu msiba. Jua lilinichoma macho. Nikaangalia zizini: miti yote imepigiliwa. Nikaangalia nyuma ya choo: kuni fupi. Nikageuka, na mbele yangu kulikuwa na mti mmoja tu, mrefu, umenyooka, umekauka vizuri, umelala chini haufanyi kazi yoyote.

Naapa sikufikiria desturi. Niliona mti wa kuning'inizia saumu.

Niliushika ncha moja nikauvuta. Mwili ulikuwa bado haujarudi, nyonga ziliniuma, nikauvuta kidogo nikapumzika, nikauvuta tena nikapumzika, nikaacha mstari mrefu kwenye vumbi kutoka langoni hadi kibarazani. Nikainua ncha ya kwanza nikaipachika juu ya nguzo. Nikaenda ncha ya pili. Ndipo nikasikia mlango wa nyumba ndogo unafunguka.

Mama mkwe alisimama mlangoni kwake. Akaangalia mti. Akaangalia lango, lililokuwa wazi kabisa, njia inaonekana mpaka bondeni. Nikajua saa imefika. Yale maneno yangu yote yalikuwa tayari mdomoni, yamepangwa.

"Umeutoa," akasema.

"Sina pa kuning'iniza, mama."

Alikuja taratibu. Akajifunga shuka upya kiunoni. Akanipita, akashika ile ncha iliyokuwa bado chini, akaniangalia.

"Mbona unasimama? Nyanyua."

Tukanyanyua. Maneno yangu yote nikayameza makavu.

Hata vitita havijaisha kupanda, tukaona mtu anashuka ng'ambo ya bonde. Alikuwa jirani wa karibu na kisima, mama mtu mzima, mkono mmoja kisu, mkono mwingine furushi la kamba za katani. Alikuja moja kwa moja, akaingia langoni bila kupunguza mwendo.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na mazito." Akaangalia kibaraza. "Tumeona mti hauko, nikasema wacha nitangulie. Wenzangu wanakuja, wanatafuta visu."

Sikuelewa. Nikamuuliza, mama, siku zote hizi mlikuwa mnafanya nini? Adabu ilikuwa imenipungukia.

"Tulikuwa tunakusubiri," akasema, naye akanishangaa. "Kila tukipita kwenda shamba tunaangalia huo mti. Tunasema mwenyewe bado. Hatuwezi kumwingilia mtu kabla hajautoa."

"Mwenyewe nani?"

"Si wewe?"

Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa anafunga kitita, hakuinua macho.

"Mti anautoa mama wa mtoto," akasema. "Siku akitaka. Mimi nikiutoa ni kama nakufukuza kwenye kilio chako."

"Mbona hukuniambia?"

"Huko kwenu Mogitu hamjui?"

"Hatujui!"

Akaacha kufunga. "Mimi nilifikiri unajua," akasema polepole. "Nikasema huyu hataki watu. Hata mimi mtoto wangu alipokufa sikutaka watu. Niliuacha mti pale mpaka mahindi yakakauka shambani, na hakuna aliyenisumbua, na nilishukuru. Ndiyo maana nilikuwekea haraka. Hata ndani sikuingia. Nikasema nisimsumbue."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kumpiga na kitita cha saumu. Majuma yote yale mimi nasubiri nifunguliwe, mtaa mzima unasubiri nifungue, na ufunguo umelala chini mahali ambapo ng'ombe wanaukanyaga. Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Hasira niliyomtunzia yule mwanamke haikuwa na pa kwenda tena, na ilikuwa nyingi.

Wanawake walikuja. Hawakuimba siku ile. Walitoa saumu nje kwa mabeseni, wakakaa uani kwa duara, na mimi nikaleta kigoda changu nikakaa kati ya mama mkwe na yule jirani. Nyingi zilikuwa zimeoza, tukazimwaga shimoni. Za mbegu zikapatikana. Visu vilikuwa vinafanya kazi, na mazungumzo yalikuwa ya mvua, ya bei, ya dawa ya ng'ombe, yale ambayo watu wanasema wakiwa hawasemi.

Jirani alikuwa anavua ganda la saumu moja. Bila kuniangalia akaniuliza, kwa sauti ile ile aliyoulizia mvua, "Alikuwa mvulana au binti?"

Tangu hospitali, hilo lilikuwa swali la kwanza.

"Binti," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Alifanana na nani?"

Nilikuwa nalo jibu. Nilikuwa nalo muda wote ule kitandani, nimeelekea ukuta, na hakuna aliyelihitaji. Mimi peke yangu nilimwona. "Masikio yalikuwa yamekunjika kwa juu," nikasema. "Kama ya mama hapa. Yote mawili."

Mama mkwe, ambaye alipokea kitenge kilichofungwa na kukizika kikiwa kimefungwa, aliweka kisu chini. Akainua mkono wake wenye udongo na harufu ya saumu, akaupitisha chini ya kitambaa, akashika sikio lake.